Wakala ataka nipunguze umri wa mbwa wa marehemu kakangu ili apate bima

SWALI

Hujambo Mshauri? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kiembeni hapa Mombasa. Nauza mitumba soko la Kongowea, na mume wangu anafanya kazi ya zamu bandarini. Nyumba yetu haina vita, na sikuandikii kumshtaki mtu. Nimekwama tu, na kila nikimweleza rafiki ananicheka kwa sababu jambo lenyewe linahusu mbwa.

Kakangu alifariki mwaka juzi baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Hakuwa na mke wala mtoto. Alichoacha ni kitanda, redio na mbwa wake, Chui, koko wa kawaida mwenye madoa mgongoni aliyemwokota Shanzu angali mdogo. Nilimchukua siku ya tatu ya matanga kwa sababu alikuwa amelala mlangoni pa chumba cha marehemu na hakuna aliyemkumbuka kwa chakula. Watoto wangu walimpenda papo hapo. Mume wangu hakumpenda wala hakumkataa.

Mwaka jana Chui alishikwa na homa ya kupe. Aliacha kula, ufizi ukawa mweupe, kisha damu ikaanza kumtoka puani. Daktari wa mifugo alimdunga sindano na kumpa vidonge vya mwezi mzima. Pamoja na vipimo nililipa shilingi 18,000, nusu yake nikiikopa kwenye chama. Mbwa alipona. Mume wangu alinyamaza mpaka deni lilipokwisha, ndipo akaniambia, "Akiugua tena, hatukopi."

Sasa kuna mwanamke tunayesali naye ambaye ni wakala wa bima. Ameniambia kampuni yake inakatia bima mbwa na paka. Ada ni shilingi 8,500 kwa mwaka na watagharamia hadi shilingi 60,000. Wanataka nakala ya kitambulisho changu na PIN ya KRA, picha za mbwa, kadi yake ya chanjo, barua ya daktari wa mifugo, na awe ametiwa chipu chini ya ngozi. Hayo yote naweza kuyapata. Shida ni fomu. Inasema mbwa aliyepita miaka minane hapokelewi kama mteja mpya. Chui hakuna ajuaye alizaliwa lini, lakini nikihesabu tangu kakangu ahamie Shanzu, anakaribia tisa kama hajaipita. Wakala ameniambia niandike sita. Penye swali la kama amewahi kuugua ugonjwa mkubwa, niandike hapana. Penye swali la kama amewahi kumuuma mtu, pia hapana, ingawa alimuuma kifundoni kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni. Tulimpeleka zahanati, akachomwa sindano, tukamlipia, na mambo yakaisha kwa wema. Wakala anasema kila mtu anajaza hivyo.

Mume wangu aliiona fomu mezani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mamangu hajalipiwa SHA, na wewe unamlipia mbwa bima?" Niliona haya, Mshauri. Mavyaa yuko Kaloleni, ana shinikizo la damu, na ni kweli michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, imesimama. Tangu siku hiyo fomu nimeificha kibandani sokoni. Pesa ninazo, ni za biashara yangu, naweza kulipa na asijue. Lakini kila nikishika kalamu mkono unakataa.

Nikimpoteza Chui kwa kukosa pesa ya dawa, nitakuwa nimemzika kakangu mara ya pili. Je, nitie sahihi? Nilipe kimyakimya? Au niache na nikubali kwamba mbwa ni mbwa tu?

Dadake Marehemu, Kiembeni

JAWABU

Dada yangu, pole kwa msiba. Najua ni mwaka juzi, lakini barua yako inaonyesha kwamba matanga hayajaisha moyoni mwako, na sioni ajabu. Wala sikucheki. Mbwa aliyelala mlangoni pa marehemu wakati watu wazima wameshughulika na sufuria na mikeka amepata haki ya kuzungumziwa kwa heshima.

Umeniletea maswali matatu, lakini mimi nimeona mambo manne yamefungwa pamoja: fomu yenye majibu yasiyo ya kweli, mume anayekataa deni, mavyaa asiye na bima ya afya, na hofu yako ya kuzika mara ya pili. Fomu ndiyo iliyo juu, ndiyo maana unaitazama sana. Nianze nayo, kwa kuwa humo mna mambo ambayo nadhani hukuelezwa.

Umeiandika barua yako kana kwamba ukishatia sahihi na kulipa, Chui atakuwa salama. Hebu tuliulize hilo. Mkataba wa bima umejengwa juu ya mtu kusema kweli yote anayoijua kuhusu kile anachokikatia bima. Kampuni haimjui Chui. Inakujua wewe kwa maneno uliyoyaandika. Ikigundua baadaye kwamba uliificha habari ambayo ingebadilisha uamuzi wake, inaweza kukataa dai na hata kuufuta mkataba kama kwamba haukuwepo. Na itagundua lini? Haitagundua siku unayolipa ada, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayechunguza. Itagundua siku unapodai, Chui akiwa amelala na damu puani, kwa sababu hapo ndipo watakapoomba faili lake kwa daktari. Daktari yuleyule aliyemtibu homa ya kupe ana kumbukumbu zake: tarehe, dawa, na huenda hata umri alioukadiria. Yeye amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo na hawezi kuhatarisha leseni yake kwa ajili ya fomu yako. Kwa hiyo uongo huo, nikiuangalia kwa upande wa hesabu tu, unaweza kukulipisha 8,500 kila mwaka kwa kitu ambacho hakitakuwepo utakapokihitaji.

Wakala amekwambia kila mtu anajaza hivyo. Simhukumu, huenda anaamini anakusaidia. Ila sahihi iliyo chini ya fomu ni yako, na mambo yakiharibika ni wewe utakayeulizwa. Naomba umwulize kwa upole, kama dada mnayesali pamoja, kama yuko tayari kuyaandika maneno hayo kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni yake. Na kabla ya yote, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na kwamba ada inakwenda kwenye akaunti ya kampuni wala haipitii simu yake.

Sasa, kuna njia ya kweli? Pengine ipo. Umri wa mbwa wa kuokotwa hukadiriwa na daktari kwa kutazama meno na macho. Kwa mbwa mzee hayo ni makisio, na daktari ataandika hivyo: "anakadiriwa kuwa na miaka kadhaa." Akikadiria chini ya minane, utaandika alichokisema na dhamiri yako itatulia. Akikadiria zaidi, kampuni hiyo imefungwa kwako, ingawa kampuni hazina kikomo kimoja na waweza kuuliza kwingine. Suala la homa ya kupe ni gumu zaidi. Karibu kila bima ya wanyama huacha nje ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya mkataba. Na homa hii ina tabia mbaya: vijidudu vyake vinaweza kujificha mwilini mwa mbwa muda mrefu baada ya matibabu na kurudi tena. Maana yake ni kwamba, hata ukiandika kweli na ukapokelewa, ugonjwa unaouogopa zaidi unaweza kuwa ndio hasa ambao hawataugharamia. Waulize swali hilo moja kwa moja, kwa jina la ugonjwa, na jibu ulipate kwa maandishi.

Kuna mengine ya kuuliza ambayo wakala hakuyagusa, au hukuniandikia. Je, watamlipa daktari moja kwa moja, au utalipa wewe kwanza kisha urudishiwe? Kwako hili ni kubwa kuliko umri. Mume wako hakukataa matibabu, alikataa kukopa. Kama ni bima ya kurudishiwa, usiku ule Chui akizidiwa bado utahitaji elfu kumi na nane mkononi, bado utapiga simu kwa mweka hazina wa chama, na deni litaingia nyumbani hata kama litalipwa baada ya wiki kadhaa. Halafu uliza kuna kipindi gani cha kusubiri kabla magonjwa hayajaanza kulipiwa. Mara nyingi ni siku 14 au zaidi. Uliza ni sehemu gani ya kila dai utakayojilipia mwenyewe. Chanjo, dawa za minyoo na kuhasiwa kwa kawaida haviingii.

Na hili usiliache: soma kama bima hiyo inalipia matibabu au inalipia kifo. Nchini mwetu bima ya wanyama iliyozoeleka ni ile ya mifugo. Mwenye ng'ombe wa maziwa hupimiwa thamani na daktari, ng'ombe hupigwa hereni ya namba sikioni, akifa kwa ugonjwa au ajali mwenyewe analipwa thamani ile. Wafugaji wa Marsabit walianza kupata bima ya ukame mwaka 2010, na Wajir ikafuata mwaka 2013 kwa mfumo wa takaful, yaani bima ya Kiislamu, kwa malipo yanayotegemea picha za setilaiti zinazopima ukijani wa malisho. Ni bima nzuri kwa mnyama mwenye bei sokoni. Koko wa Shanzu hana bei sokoni. Kama karatasi uliyopewa imetolewa kwenye bima ya mifugo ikabadilishwa jina tu, utakuwa unalipia kifo cha mnyama ambaye thamani yake kwa kampuni ni ndogo mno, ilhali thamani yake kwako haina kipimo.

Kuhusu kuumwa kwa yule kijana wa maji, mlifanya vyema kumpeleka zahanati. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, ndiyo maana jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mtu hupelekwa kuchanjwa bila kungoja. Chui akiwa na chanjo yake ya kila mwaka, umewalinda watu kuliko bima yoyote inavyoweza. Lakini baadhi ya bima hubeba pia fidia kwa mtu aliyeumwa, na kwa mbwa aliyewahi kuuma huenda hiyo ndiyo sehemu yenye maana zaidi kwenu. Ukiandika "hapana" hapo, umeibomoa sehemu hiyo kabla haijaanza. Anayeletewa maji na vijana wa mikokoteni kila siku anahitaji kulifikiria hili polepole.

Tumwache Chui kidogo, tumzungumzie mumeo.

Maneno yake juu ya mamake yalikuchoma kwa sababu yana ukweli. Mchango wa SHA kwa asiye na mshahara haupungui shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na ada ya Chui ingetosha zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho cha chini. Hesabu hiyo huwezi kuikwepa, na nadhani wewe mwenyewe hutaki kuikwepa. Ila nina swali. Michango ya mavyaa ilisimama kabla ya fomu hii kufika mezani, au baada? Umeniandikia kwamba imesimama, si kwamba umeisimamisha wewe. Inawezekana mumeo amebeba aibu yake mwenyewe muda mrefu, na fomu ya mbwa ikawa mahali pa kuiweka. Hilo halimfanyi mkosaji. Linamfanya mwana anayemwogopea mamake.

Na kuna jambo hukuliandika, nami nalikisia tu, nisamehe nikikosea. Kakako aliugua figo muda mrefu. Nani alilipa? Katika familia nyingi za hapa, mgonjwa asiye na mke hubebwa na dada yake, na dada hubebwa na mumewe. Kama nyumba yenu ilikopa wakati ule, na mkazika juu ya deni, basi "hatukopi" haikusemwa kwa sababu ya mbwa hata kidogo. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wewe unamwona Chui na kumkumbuka kakako akiwa mzima. Huenda yeye anamwona na kukumbuka risiti. Mmeshawahi kuyazungumza hayo, nyinyi wawili, tangu matanga yaondoke?

Ndiyo maana swali lako la kulipa kimyakimya linanipa wasiwasi kuliko lile la umri. Pesa ni zako na una haki nazo, silipingi hilo. Lakini fikiria siku ya dai. Utahitaji kumtoa mbwa nyumbani, kufuatilia kampuni, kupokea simu zao, na yote hayo nyumba ambamo mtu mmoja hajui. Siri hii haitakaa kibandani. Ikitoka, mazungumzo hayatakuwa tena juu ya 8,500. Kwa upande mwingine, nakubali kwamba kumweleza waziwazi nako kuna hatari yake: anaweza kukataa katakata, na utalazimika kuchagua kuheshimu neno lake au kulipita ukiwa umeshalisikia. Hilo ni zito, na wewe peke yako ndiye unayejua ndoa yenu inaweza kubeba kiasi gani.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Ada hiyo ukiigawa kwa miezi kumi na miwili ni kama shilingi 700 kwa mwezi. Ukiiweka kando, kwenye akiba ya simu iliyofungwa au sanduku la chama lisiloguswa, baada ya miaka miwili unakaribia 17,000, pesa za ugonjwa kama ule wa mwaka jana. Hakuna atakayekuuliza umri wa mbwa, wala historia yake, na asipougua pesa zinabaki zako. Udhaifu wake ni kwamba homa haingoji miaka miwili. Ikija mwezi wa pili, mna 1,400 tu. Udhaifu mwingine unaujua vizuri kuliko mimi: akiba ya mama huwa ya kwanza kufunguliwa karo ikifika.

Lolote utakaloamua, sehemu ya pesa ielekeze kwenye kupe wenyewe, maana hilo halihitaji ruhusa ya kampuni. Kupe wa mbwa wa hapa pwani hawaishi majanini peke yake. Wanajificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya mikeka na pale mbwa anapolala, na kwa joto letu wanazaana mwaka mzima. Kumpaka mbwa dawa bila kupulizia alalapo ni kufanya nusu ya kazi. Mwulize daktari dawa ya kuzuia inayodumu na uiandike kwenye kalenda. Chanjo nayo iulizie ofisi ya mifugo ya kaunti, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo mara nyingi kampeni za chanjo hufanywa bila malipo.

Nirudi kwenye sentensi yako ya mwisho, ile ya kumzika kakako mara ya pili. Niliisoma nikaiweka kando kabla ya kukujibu. Chui ana karibu miaka tisa. Kwa mbwa huo ni uzee, na hata daktari bora na bima iliyonyooka haviwezi kumbakiza miaka mingi sana. Siku hiyo itakuja, dada yangu, na sitaki ikukute ukiamini kwamba imekuja kwa sababu hukulipa. Kakako alimwokota mbwa aliyekuwa hana mtu, nawe ukamchukua alipokosa mtu tena. Mbwa huyo hajakosa kitu hadi leo. Swali ambalo ningependa ulikae nalo ni hili: unachotaka kukikinga ni afya ya Chui, au ni huzuni ambayo hujapata mahali pa kuiweka? Vyote viwili vinastahili kutunzwa, lakini havitunzwi kwa karatasi moja. Kwa hicho cha pili kuna watu, kuna mumeo, kuna watoto waliomjua mjomba wao, na hapa Mombasa kuna washauri nasaha katika hospitali na nyumba za ibada.

Usikae na fomu kibandani ikikutisha. Iweke tena mezani ikiwa haijajazwa, siku ambayo mumeo hana zamu ya usiku, na uanze na mamake: mwulize mnaweza kufufua vipi michango ya Kaloleni, mwezi gani, nani anatoa kiasi gani. Likishapata jibu hilo ndipo umweleze habari za Chui, pamoja na yale ambayo wakala alikutaka uandike. Nadhani atakusikiliza tofauti akijua kwamba mkono wako ulikataa. Na wakala akirudi kabla hamjaamua, mwombe akuachie masharti kamili ya bima, kurasa zote, siyo kile kijikaratasi cha matangazo, ili myasome wote wawili. Ukipata jibu la daktari kuhusu meno ya Chui, niandikie tena.